Siku za Kuvunja Vibubu

19 Januari

Naanza kuandika shajara hii kwa sababu moja tu: kazi yetu ikifanikiwa, Alphonce atawaambia watu lilikuwa wazo lake. Namjua. Tumesoma wote Dodoma, na hata kibanda cha supu tulichokipata wote wawili alidai amekigundua yeye. Basi iandikwe hapa, kwa mkono wangu mimi Yusra binti Abdulatif wa Ujiji, kwamba leo adhuhuri programu yetu imefanya kazi bila kukwama, na sehemu ngumu nimeiandika mimi.

Tumepanga chumba Gungu, hapa Kigoma, nyuma ya duka la fundi umeme. Mna meza mbili, mashine moja isiyozimwa, na betri ya sola, maana masika yakishika kasi umeme nao hushika njia. Kazi yetu ni ya wanawake wa dagaa. Wananunua kwa wenye mitumbwi, wanaanika, wanawauzia watu wa Bujumbura, Kalemie, Mpulungu na Dar, na kila upande una fedha yake na mbadilishaji wake anayejimegea kipande. Wachache wamekubali kujaribu nasi sarafu ya kidijiti.

Shida ya sarafu hizi ni kwamba kila malipo huandikwa kwenye leja ambayo dunia nzima inaweza kuisoma, na kila mstari una ada yake. Mama anayenunua dagaa kila alfajiri hawezi kulipa ada kila alfajiri, wala hataki Wajapani wajue kanunua ndoo ngapi. Ndipo tukatengeneza kibubu cha wawili. Mnunuzi na muuzaji wanatia fedha kwenye kibubu kimoja chenye kufuli mbili, na leja inaandika kwamba kibubu kimewekwa. Baada ya hapo wanagawana upya kimyakimya kwenye simu zao: leo changu kimepungua, chako kimeongezeka, wote wanatia sahihi. Mara mia, mara elfu, leja haina habari. Siku wakitaka wanakivunja, na hapo ndipo leja inaandika mgawo wa mwisho.

Jina la kibubu nimelitoa mimi. Alphonce alitaka tuseme "mkondo wa malipo nje ya mnyororo." Mtu aende mwaloni Kibirizi, mitumbwi inakoshusha dagaa, na maneno hayo!

22 Januari

Tumegombana mpaka fundi umeme akaja kuchungulia kama tunapigana.

Kibubu kina udhaifu mmoja. Mkifanya mgawo mpya, ule wa zamani bado umo kwenye simu ya mwenzako na una sahihi yako. Akiwa na roho ya wizi, atangoja uende mahali pasipo na mtandao, akivunje peke yake kwa ule mgawo wa zamani uliompendelea. Dawa yake ni siku za pingamizi. Ni kama matangazo ya ndoa kanisani kwao Alphonce: majina yanasomwa, na mwenye neno alete neno lake kabla siku hazijaisha. Ukionyesha kwamba mgawo ule ulishafutwa, mwizi ananyang'anywa kibubu chote. Lakini wanawake wetu hushuka kwenye kambi za wavuvi huko kusini, ambako simu ni tochi tu. Nani atapinga kwa niaba yao? Mashine yetu ya Gungu. Tunaiita mlinzi.

Alphonce anataka mlinzi anayeona kila mgawo. Ni rahisi, hajazi mashine, na mtu akipoteza simu tunamrudishia hesabu zake. "Mficha uchi hazai, Yusra," akaniambia, kama somo anavyomwambia bibi harusi.

Mimi nataka mlinzi kipofu. Kila mgawo ukibadilika, simu inatuletea bahasha iliyofungwa ambayo hatuwezi kuifungua. Kinachoifungua ni wizi wenyewe: mtu akivunja kwa mgawo uliofutwa, kitendo chake ndicho kinachotoa ufunguo. Bahasha zinajaza mashine, ni kweli, na aliyepoteza simu hatuwezi kumsaidia. Lakini tusichokijua hatuwezi kukisema, hata tukibanwa. Nimeshinda mimi, kwa sababu sehemu hiyo anajua kuiandika mtu mmoja tu.

26 Januari

Kibirizi, kumwona Verediana. Ni Muha wa Simbo, mjane, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji. Watu humwita Mama Scola, kwa jina la bintiye. Akiingia yeye wenzake wataingia, akikataa tumekwisha.

"Mwakeye, Mama Scola. Shikamoo."

"Marahaba. Hicho Kiha umekibeba kama yai, binti. Kishushe, sema Kiswahili chako."

Nikashusha. Alisikiliza yote huku anageuza dagaa juu ya chanja, kisha akauliza swali moja. "Nikiingia humo, Nikodemu atajua mfukoni mwangu mna nini?"

Nikodemu ndiye mnunuzi mkubwa hapa mwaloni. Si mtu mwenye matusi wala ugomvi. Ujuzi wake ni kunusa nani ameishiwa. Mbalamwezi ikifika na mitumbwi ikilala kwa kukosa dagaa, mwenye akiba huficha magunia yake akangoja bei ipande, na asiye na kitu huuza siku hiyohiyo. Nikodemu akimjua huyo wa pili, humpa bei ya kutupwa. Kwa hiyo kwa wanawake hawa siri ya mfuko ndiyo bei yenyewe.

"Hatajua," nikamwambia.

"Hapo ndipo ninapokushika. Mengine yote sijayaelewa."

Ameingia, na wenzake wameingia. Nimerudi Gungu nimekaa juu ya bodaboda kama malkia.

29 Januari

Giza totoro, mitumbwi imetoka. Mama yangu, naye mwanikaji wa Kibirizi, ameingia. Kibubu chake cha kwanza amekiweka na mimi, cha pesa ya matumizi ya nyumbani. Anasema anataka kuonja alichopika mwanawe.

5 Februari

Simu ya Winfrida, mmoja wa wenzake Verediana, imeanguka ziwani akipokea ndoo ya dagaa. Alikuja amelowa, analia, "Niangalizieni kwenye mashine yenu," na mimi sikuwa na cha kumwangalizia. Alphonce alimletea kiti na kitambaa, na upole wake ulinikera kuliko angenisuta. Bahati mwenye mtumbwi ni muungwana, amekivunja kibubu kwa mgawo wa haki. Ila bahati si mpango.

9 Februari

Mlinzi amekamata mwizi!

Bi Zaitun wa hapa Ujiji, tajiri kuliko wote walioingia, mwenye kanga mpya kila wiki na salamu ya ncha ya vidole, alikuwa amekwenda Kalya, huko kusini kambini. Hakuna mtandao huko. Mwenye mtumbwi mmoja, jina lake namhifadhia mkewe, akavunja kibubu chao kwa mgawo wa zamani. Mashine ikashika lile vunjo, bahasha moja kati ya maelfu ikafunguka yenyewe, pingamizi likatoka, kibubu chote kikaenda kwa Bi Zaitun. Mimi nilikuwa nakula mihogo. Nilipoona nikaruka mpaka chumvi ikamwagika, na Alphonce akanipa mkono kama waziri.

Bi Zaitun karudi, kaambiwa, kasema, "Si ndiyo kazi yenu?" Basi. Ngozi ya mamba ile.

12 Februari

Mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazifui dafu, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inavutwa juu mchangani. Ndiyo siku ya hesabu. Tangu bibi zetu, mwanamke wa dagaa siku hiyo hukusanya kila alichochuma giza zima, yaani majuma ya usiku usio na mwezi, kutoka kila pindo la kanga na kila kopo, akakiweka mahali pamoja kabla ya kutoa mafungu: ya shule, ya chungu, ya zaka au sadaka, na mtaji wa giza lijalo. Fungu lililotolewa kabla ya kukusanya, wanasema, halikai.

Leo wamefanya hivyohivyo kwa simu. Kila mmoja amevunja vibubu vyake vyote na kumimina kwenye pochi yake moja. Nilikaa Kibirizi nikiwatazama wamezunguka mikekani, vidole vinabonyeza, wanacheka, na hakuna aliyeniuliza neno. Nimeona fahari mpaka kifua kinauma. Programu gani nyingine duniani imeingia kwenye mila ya watu bila kuwaambia wabadilike?

16 Februari

Verediana kauza magunia yake kwa Nikodemu kwa bei ya kutupwa. Mvua ilimlowanishia nusu ya dagaa na giza halikumkalia vizuri. Nikodemu alimwambia, "Mama Scola, usijikaze, najua halijakukalia vizuri." Nilimwambia Verediana kwamba mtu yeyote angekisia, mvua anaiona kila mtu. Akarudi kukunja magunia yake matupu.

25 Februari

Mvua.

2 Machi

Ramadhani imeanza, na mvua haikatiki. Mama anapika futari yetu na ya majirani wawili ambao chanja zao zimechukuliwa na maji. Nikamwambia asijichoshe. "Mkono utoao ndio upatao," akasema, akanituma tangawizi.

14 Machi

Mbalamwezi ya pili. Wamevunja, wamekusanya, wametoa mafungu. Mimi sikufurahi kama mwezi uliopita na sijui kwa nini.

16 Machi

Naandika yote, kama yalivyotokea.

Asubuhi Nikodemu alitembea mwaloni kama mtu aliyeandikiwa njia. Akawapita wenye akiba bila hata kupunguza mwendo. Akaenda kwa Winfrida, moja kwa moja. Akaenda kwa mama mmoja wa Katonga ambaye sote tulidhani amepata. Kisha akasimama mbele ya Verediana akamtajia kiasi alichobaki nacho, kwa tofauti ya senti tu, kwa upole, kama daktari anayesoma majibu. Verediana alikuwa amejipanga kumwambia ana akiba ya mwezi mzima. Akauza. Sasa mtaji wake wa giza lijalo hautoshi hata kwa mtumbwi mmoja, na Nikodemu amemwambia, mbele ya wote, kwamba akitaka anaweza kumwajiri amwanikie.

Tulipofika mimi na Alphonce, Bi Zaitun alikuwa ameshashika kiuno.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" akapaza sauti. "Mashine iko kwa nani? Mlinzi ni wa nani? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yetu ni huyu hapa, binti Abdulatif!"

"Bi Zaitun, bahasha hazifunguki. Hata mimi siwezi kuzifungua."

"Wezi wote husema hivyo mlangoni."

Watu wakaguna. Mtu niliyeokoa kibubu chake chote! Nilitaka kumkumbusha, nikatanguliwa. Aliyesema ni Alphonce, ambaye mwezi mzima nimekuwa nikimwita mwoga. Akapanda juu ya kreti.

"Nisikilizeni. Mimi ndiye niliyetaka mashine ione kila kitu. Ingekuwa kwa akili yangu, leo mngenishuku mimi na mngekuwa na haki. Huyu alikataa kuona. Tuligombana naye mpaka jirani akaja."

Hawakumwamini, ila walianza kutawanyika. Verediana hakupiga kelele hata kidogo. Alikunja turubai lake na kupita karibu yangu. "Nilikuuliza swali moja tu, binti," akasema. Bora angenizaba kofi.

17 Machi

Sikwenda Gungu.

18 Machi

Mama anasema nikitaka kulia nilie, ila nilie nikifanya kazi. Mvua.

22 Machi

Nimejua.

Siku nne nilikuwa nachambua msimbo nikitafuta tobo, mstari kwa mstari, na tobo halipo. Kila bahasha imefungwa. Leo nimeacha mashine nikajiuliza swali lingine: Nikodemu kihalali anajua nini? Anajua vibubu vyake mwenyewe, alivyoweka na kila mwanamke anayemuuzia. Basi. Mimi nami ninacho kimoja namna hiyo, changu na Mama. Nikaanzia hapo.

Kilivunjwa tarehe kumi na nne, siku ya mbalamwezi. Mgawo wa Mama uliingia kwenye pochi fulani. Nikaiuliza leja: nini kingine kimemiminwa humo siku hiyo? Leja haina adabu, ikanijibu. Vibubu vyote vya Mama vikajipanga mbele yangu, kimoja baada ya kingine, na jumla yake chini. Sikuvunja kufuli yoyote. Nilisoma tu kile ambacho mtu yeyote Kigoma au Korea anaweza kusoma, Nikodemu naye akiwemo.

Ndiyo hiyo. Kibubu kikiwa kizima kina siri, ila kikivunjwa kinasikika dunia nzima. Wanawake wetu wanavunja vyote siku moja na kukusanya mahali pamoja, kwa sababu fungu lisilokusanywa halikai. Watu wa mijini walioanzisha teknolojia hii wanavunja ovyoovyo, leo huyu kesho yule, nao wanapotea katika wingi. Sisi tumewasha taa juu yetu wenyewe kila mwezi ukiwa mkubwa. Na mimi nilikaa mkekani nikaona fahari!

Lakini hiyo si iliyonifanya nifunge kompyuta. Ni jumla ya Mama. Mama hakupata kitu giza hili. Karibu hakuna. Na tangu mfungo uanze anapika sufuria tatu na kusema mkono utoao ndio upatao. Nilijisikia kama nimefungua mlango wa bafuni na mama yangu yumo. Nikalia, na katikati ya kulia nikajivuna, maana hakuna mwanamke Ujiji hii mwenye moyo wa yule.

Wakati wa futari nikamwambia. "Mama, nimeona hesabu zako kwenye leja. Sikukusudia."

Akamimina uji kwanza. "Umeona?"

"Nimeona."

"Basi usimwambie baba yako. Na huo mlango kaufunge, wasiingie wengine."

24 Machi

Nilimfuata Nikodemu dukani kwake. Swaumu ilinisaidia, nisingefunga ningemtukana.

"Kwani leja si ya wote?" akaniuliza, na wala hakuona haya. "Nimesoma tu. Mwezi naujua tangu utoto, mimi nimezaliwa kambini. Niliona mistari imesongamana siku ya mbalamwezi, nikasema hawa ni wa kwetu. Mkiacha kuandika, nitaacha kusoma."

Nimtafutie jina baya gani? Jicho analo. Nimetoka pale nimemchukia kwa heshima.

26 Machi

Alphonce amepata wazo la maana, naliandika ili asidai nimemnyima: kila kibubu kikivunjwa kimwage kwenye pochi yake mpya, isiyowahi kutumika. Nimeongeza langu: simu imjumlishie mwenyewe, kwenye kioo chake tu, ili akusanye kwa macho bila kukusanya kwenye leja. Tunaandika kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Hatujagombana hata mara moja, jambo linalonitia wasiwasi.

31 Machi

Idi. Nimevaa, nimeswali, nimepita mbele ya nyumba ya Bi Zaitun kichwa juu. Hakunipa mkono. Aliniangalia viatu.

4 Aprili

Kikao. Nilipeleka ujumbe kwamba nimepata tobo lilipo na ninataka kusikilizwa, na jibu likatoka kwa mtu nisiyemtarajia: tukutane uani kwake Bi Zaitun. Nilidhani ananiita kunimaliza.

Niliwaeleza yote. Nilitumia vya Mama, kwa ruhusa yake, naye alisimama pembeni amekunja mikono nikiwaonyesha njia hatua kwa hatua, mpaka jumla yake ikatokea mbele ya wanawake wote. Halafu jirani mmoja aliyekuwa akila futari yetu akafunika uso kwa ukaya wa kanga, na Mama akamwambia, "Wewe nawe, kilishaliwa kile."

Nikasema masharti. Hakuna kuvunja wiki ya mbalamwezi. Kila vunjo na pochi yake. Hakuna kuchanganya pochi mbili, hata ada ya shule ikiwa kubwa, ilipwe vipande vipande kutoka hapa na pale. Ada za leja zitaongezeka. Fedha nyingine itabaki imefungwa kibubuni siku ambayo mtu anaitaka. Sikuwaficha, hiyo ndiyo gharama ya giza.

Verediana alikuwa wa kwanza. "Mimi nisipokusanya sijioni. Unaniambia nitoe mafungu kutoka kwenye vitu vilivyotawanyika?"

"Utaviona vyote kwenye simu yako, Mama Scola, na jumla yake. Ni leja tu haitaviona pamoja."

"Na nikihitaji pesa mbalamwezi? Unajua nimebaki na nini."

"Sijui," nikasema. "Lakini nakuomba ujikaze. Akivunja mmoja peke yake siku hiyo, ataonekana kuliko hata zamani. Na tukijificha wachache tu, tutahesabika kwa vidole. Siri hii haifanyi kazi kwa mtu mmoja."

Wakaanza kunong'ona. Mwenye akiba ana sababu gani ya kujisumbua? Nikodemu hamgusi. Nilimwona mmoja wao anachukua mkoba wake aondoke. Hapo Bi Zaitun akainuka, taratibu, bangili zinalia.

"Kaa chini," akamwambia. Kisha akanigeukia. "Wewe binti, mtu akiweka vibubu vidogovidogo na kila mtu hapa, akavunja hiki Jumatatu, kile Alhamisi, kabla ya mbalamwezi na baada yake, huyo msomaji ataelewa nini?"

"Ataona vurugu tu, Bi Zaitun. Lakini ada zake..."

"Nimekuuliza ada? Nimekuuliza ataelewa nini." Akawatazama wenzake wote, mmoja mmoja. "Mimi nina uwezo wa kungoja bei. Siku zote ninao. Na kila mwezi nikimwona Nikodemu akimwinamia mwanamke mmoja wetu, bei ya wote inashuka, na yangu imo. Nitavuruga hiyo leja mpaka aone kizunguzungu. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Halafu, bila kubadilisha sauti: "Na lile nililosema mwaloni nililisema kwa nguvu. Na hili nalisema kwa nguvu: binti huyu si mwizi. Nani hajasikia?"

Wote wamesikia. Nadhani hata Gombe sokwe wamesikia. Nilitaka kumkumbatia, akaninyooshea ncha za vidole. Nilizishika kwa mikono miwili.

7 Aprili

Bi Zaitun amevunja viwili na kuweka vitano. Alphonce anacheka peke yake mbele ya kioo.

9 Aprili

Viwili, vitatu, kimoja. Na wengine wameanza kumwiga. Leja ya pande zetu imekuwa kama mchanga uliokanyagwa na ng'ombe.

10 Aprili

Mvua kubwa. Verediana amelaza magunia yake chini ya turubai. Bati la nyumba yake Simbo limeezuliwa na upepo, na majirani wamemwezekea kwa nyasi. Nilimpelekea sukari. Hakuniambia lolote kuhusu pesa na sikuuliza. Nilirudi na hofu tupu: ikiwa atabanwa Jumatatu, Nikodemu akija, atakuwa amebanwa kwa ajili ya sharti langu.

13 Aprili

Mwezi umejaa. Kwao ni Jumapili ya Matawi, Verediana kapita na tawi lake la mnazi akiimba. Nimekaa mbele ya leja kutwa nzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyevunja. Hata mmoja! Nimeita Alphonce aje ahakikishe, akasema macho yangu ni mazima, hakuna.

14 Aprili

Nilikwenda Kibirizi mapema, nikakaa karibu na chanja za Mama nikijifanya namsaidia.

Nikodemu alifika na karatasi ya kupanga malori yake. Akasimama. Akatembea kidogo, akasimama tena. Akamtazama Winfrida, Winfrida akamtazama. Nimemwona mtu huyu mwaloni miaka yote na leo ndiyo mara ya kwanza kumwona hajui aelekee wapi. Mwishowe akamwendea Verediana.

"Habari za asubuhi, Mama Scola."

"Nzuri. Pole na matope."

"Mnauzaje?"

Wanawake wakaacha kugeuza dagaa. Nikodemu hajawahi kuuliza bei, yeye huitaja. Verediana akataja yake, bei ya mtu mwenye magunia ya kungoja mpaka Juni. Nikodemu akacheka akataja ya kutupwa. Verediana akamgeuzia mgongo, akaendelea na kazi, anaimba wimbo wa matawi. Nilimtazama shingoni nione kama anatetemeka. Hakutetemeka.

Akaenda kwa Winfrida, akapewa bei ileile. Kwa mama wa Katonga, ileile. Kwa Bi Zaitun alipewa ya juu zaidi, nadhani kwa kumkomoa tu. Akaondoka. Wingu likaja, likamwaga, likapita, na Verediana hakufunua turubai wala hakumtafuta mtu. Mimi nilikuwa nimekwisha. Nilianza kumwomba Mungu anisamehe kwa kumfundisha mwanamke mwenye paa la nyasi kujikaza.

Alasiri lori moja lilirudi. Malori hayawezi kukaa matupu, na Nikodemu hakujua nani wa kumbana. Alilipa bei ya Verediana, gunia kwa gunia, bila kupunguziwa. Kisha ya Winfrida. Kelele zilizopigwa mwaloni sijawahi kuzisikia hata kwenye harusi, na Mama, mwenye heshima zake, alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Alphonce alinibeba juujuu mbele ya watu, nikampiga mgongoni anishushe, na sikutaka anishushe.

Nilimsindikiza Verediana mpaka barabarani. Nilikuwa nimejaa swali.

"Mama Scola, niambie mimi tu. Asingerudi, ulikuwa na kitu cha kungojea? Au ulikuwa huna kabisa?"

Akasimama. Akaniangalia kuanzia ushungi mpaka viatu, kisha akacheka kicheko kirefu.

"Binti Abdulatif," akasema, "hilo halikuhusu."

Akapanda bodaboda akaenda zake Simbo. Nilibaki pembeni ya barabara nikicheka peke yangu, watu wakinipita. Nimerudi Gungu, mashine inawaka, imejaa bahasha zake, na jibu la Mama Scola limo ndani ya mojawapo au halimo. Sijui kama mwanamke yule alikuwa na akiba au hana hata senti. Sitajua kamwe, na kutojua huko nimekujenga kwa mikono yangu.